Je, Wajua? Macho ya Kichanga na Siku za Kupona

Je, wajua kwamba mtoto akifikishwa zahanati macho yameganda matongotongo, jambo la kwanza ambalo mhudumu hulitafuta kwenye kadi ya kliniki ni tarehe ya kuzaliwa? Umri hapo huhesabiwa kwa siku. Mtoto aliye ndani ya siku 28 za mwanzo, mwenye macho mekundu yanayotoa usaha, hutibiwa kwa njia yake, tofauti na mwenzake wa miezi 8, kwa sababu vimelea vinavyomsumbua mara nyingi ni vile alivyokutana navyo njiani wakati wa kuzaliwa. Mtoto mkubwa mwenye macho mekundu kidogo, anayecheza na kula, anaweza kuangaliwa nyumbani siku moja au mbili huku akisafishwa. Kichanga hasubiri. Iwe usiku, iwe Jumapili, iwe sikukuu, apelekwe.

Je, wajua kwamba siku tatizo lilipoanza humpa daktari fununu ya chanzo chake? Macho yakiwa mekundu ndani ya saa 24 za mwanzo, huenda dawa iliyotiwa baada ya kuzaliwa imewasha tu, na wekundu huo hutulia wenyewe kwa siku 1 au 2. Usaha mwingi unaoanza kati ya siku ya 2 na ya 5 humfanya daktari afikirie kisonono. Ukianza kati ya siku ya 5 na ya 14, klamidia hushukiwa zaidi. Virusi vya hepesi, vile vinavyowaletea watu wazima malengelenge ya mdomoni, navyo huweza kujitokeza ndani ya wiki 2 za mwanzo, wakati mwingine pamoja na vipele vya majimaji kwenye kope. Ratiba hizi hupishana na kuingiliana, kwa hiyo hakuna mzazi anayepaswa kujipimia kwa kalenda. Lakini mama anayeweza kusema "yalianza siku ya tatu, jicho la kulia kwanza" amemsaidia daktari kazi kubwa.

Je, wajua kwamba kichanga hulia bila machozi? Machozi ya kutiririka huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa. Machozi hayo yana kinga za kupambana na bakteria, na utando laini unaofunika weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope unakuwa haujajijengea bado tishu za ulinzi alizonazo mtu mzima. Maambukizi ambayo kwa baba yangekuwa usumbufu wa wiki moja yanaweza kumletea mwanawe hatari ya kupoteza jicho.

Je, wajua kwamba karne ya 19 barani Ulaya tatizo hili lilijaza shule za wasioona? Katika hospitali ya wazazi ya Leipzig, Ujerumani, takriban watoto 10 kati ya kila 100 waliozaliwa walipata usaha wa macho. Mwaka 1879 Albert Neisser alikuwa amemgundua bakteria wa kisonono. Mwaka uliofuata, 1880, mkuu wa hospitali hiyo ya Leipzig, Carl Credé, alianza kumdondoshea kila mtoto tone moja la nitrati ya fedha ya asilimia 2 katika kila jicho, mara tu baada ya kusafishwa. Idadi ya wagonjwa ikaporomoka hadi chini ya mtoto 1 kati ya 100. Tone moja tu, kwa kijiti cha kioo. Ni vigumu kupata mfano mwingine katika tiba wa kitu kidogo namna hiyo, cha bei ndogo namna hiyo, kilichookoa macho mengi namna hiyo.

Lakini dawa peke yake haikutosha, kwa sababu watu waliona haya kuutaja ugonjwa unaotokana na zinaa. Mwaka 1907 Helen Keller, Mmarekani aliyekuwa haoni wala hasikii tangu utotoni kwa ugonjwa mwingine, aliandika waziwazi katika gazeti la akina mama la Ladies' Home Journal kwamba upofu wa vichanga unazuilika na kwamba kimya ndicho kinachowapofusha. Aliandika hivyo wakati magazeti yenye heshima hayakuthubutu kuugusa mkasa huo.

Je, wajua kwamba sehemu ya ushahidi unaotumika dunia nzima kuhusu macho ya vichanga ilipatikana Kenya? Mwaka 1988 Marie Laga, Peter Piot na wenzao walichapisha utafiti uliofanyika Nairobi ukilinganisha nitrati ya fedha na marhamu ya tetrasaiklini, na tetrasaiklini ikaonekana kufanya kazi nzuri bila kuwasha macho kama ile dawa ya zamani. Halafu mwaka 1995 ukatoka utafiti wa Sherwin Isenberg na wenzake, uliofanyika katika hospitali ya Kikuyu, kilomita chache magharibi ya Nairobi, kwa watoto 3,117. Walilinganisha dawa tatu: nitrati ya fedha, erithromaisini na povidoni-ayodini ya asilimia 2.5, ambayo ni ile ile dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda ikiwa imezimuliwa. Waliopakwa ayodini waliugua wachache zaidi: asilimia 13.1, dhidi ya 15.2 kwa erithromaisini na 17.5 kwa nitrati ya fedha. Akina mama wa Kikuyu waliokubali watoto wao waingizwe katika utafiti huo wamewasaidia watoto wasiowajua, katika nchi wasizozijua.

Je, wajua jina la ile dawa ya tyubu ndogo ambayo mkunga humpaka mtoto mapema baada ya kuzaliwa? Katika vituo vingi vya Afrika Mashariki ni marhamu ya tetrasaiklini ya asilimia 1. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtoto apate dawa ya kinga ya macho. Aliyezaliwa nyumbani, au njiani kwenye bodaboda kabla ya kufika kituoni, mara nyingi huikosa. Mama, ukifika kituoni baada ya kujifungulia nyumbani, uliza: "Macho amepakwa?"

Wazazi wengine wanaikataa kwa sababu wamesikia kuwa tetrasaiklini huharibu meno ya watoto. Vidonge vyake ndivyo vinavyoweka madoa kwenye meno, na ndiyo maana watoto wadogo hawapewi. Marhamu ya jichoni inayoingia mwilini ni kidogo mno kuweza kufanya hivyo.

Je, wajua kwamba Uingereza, Denmark na Sweden ziliacha kuwapaka dawa watoto wote? Huko wanategemea kuwapima na kuwatibu wajawazito mapema. Kwetu, kwenye kliniki ya wajawazito mama hupimwa virusi vya UKIMWI na kaswende, lakini kipimo cha kisonono na klamidia si cha kila mjamzito, na magonjwa hayo mawili yanaweza kukaa mwilini mwa mwanamke bila dalili yoyote. Mama asiyejua kuwa anayo hana kosa. Asipotibiwa, watoto 30 hadi 50 kati ya kila 100 wa mama wenye klamidia wanaweza kupata ugonjwa wa macho. Kwa hiyo hoja ya "Ulaya wameacha" haina nguvu mpaka na sisi tupate vipimo hivyo kliniki.

Na upasuaji? Mtoto aliyezaliwa kwa upasuaji pia anaweza kuambukizwa, hasa chupa ikiwa ilipasuka saa nyingi kabla.

Je, wajua kwamba kisonono kinaweza kutoboa kioo cha jicho la kichanga ndani ya saa 24? Kope huvimba mpaka jicho halifunguki, na usaha wa manjano au kijani hurudi dakika chache baada ya kufutwa. Hapo hakuna dawa ya duka la dawa inayofaa. Mtoto hulazwa, hupigwa sindano ya antibayotiki, kwa kawaida seftriaksoni, na macho yake huoshwa kwa maji maalumu ya chumvi ya hospitali mara nyingi kwa siku mpaka usaha ukatike. Daktari anaweza kutia rangi ya machungwa jichoni kisha kumulika kwa mwanga wa buluu; penye kidonda kwenye kioo cha jicho hung'aa kijani. Akitibiwa mapema, mtoto huyo huyo huondoka na macho yake yote mawili yakiwa salama. Mambo mengi katika uzazi hayako mikononi mwetu, lakini hili liko.

Je, wajua kwamba klamidia ya macho haiponi kwa marhamu peke yake? Bakteria huyo mara nyingi anakuwa tayari yuko kooni na puani mwa mtoto, na anaweza kushuka mapafuni. Ndiyo maana kichanga hupewa dawa ya maji ya kunywa, azithromaisini kwa siku 3 au erithromaisini kwa siku 14, kwa kipimo cha uzito wake. Mhudumu atakuomba urudi haraka ukiona mtoto anatapika kwa kuruka baada ya kunyonya, kwa sababu dawa za kundi hilo, zikitolewa katika wiki za mwanzo, zimehusishwa na kubana kwa njia ya kutokea tumboni.

Na hapa pana jambo ambalo familia nyingi hulikwepa: mama na baba nao wanatibiwa, hata kama hawajisikii vibaya. Nimeona ndoa zikiingia katika ugomvi mkubwa kwa sababu ya tyubu ya dawa ya mtoto, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole. Ugonjwa huu unaweza kukaa mwilini miezi mingi bila kujulikana, na hakuna kipimo cha jicho la mtoto kinachoweza kusema nani aliuleta nyumbani wala lini. Baba, nenda ukatibiwe.

Je, wajua kwamba jicho lenye matongotongo lakini jeupe huenda halina ugonjwa wowote wa kuambukiza? Machozi hutoka jichoni kwenda puani kupitia kijia chembamba kilicho kwenye kona ya ndani ya jicho. Kwa watoto wengi wanaozaliwa, mwisho wa kijia hicho unakuwa bado umezibwa na ngozi nyembamba. Machozi yakikosa pa kupita hujaa, hutiririka shavuni, na asubuhi kope zinakuwa zimegandana. Lakini ukifungua jicho, weupe wake ni mweupe, kope hazijavimba, na mtoto haoneshi maumivu. Kwa zaidi ya 9 kati ya watoto 10 wa namna hiyo, kijia hufunguka chenyewe kabla mtoto hajatimiza mwaka.

Kuna mkandio wa kusaidia, ulioelezwa na daktari Crigler wa New York mwaka 1923 na unaofundishwa hadi leo. Mama hunawa mikono, hukata kucha, huweka ncha ya kidole kwenye kona ya ndani ya jicho karibu na pua, hubonyeza taratibu, kisha hutelezesha kidole kushuka ubavuni mwa pua. Mara 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku. Mwombe mhudumu akuoneshe kwa mkono wake mara ya kwanza. Watoto hawa ndio wanaonunuliwa tyubu baada ya tyubu ya antibayotiki bila sababu: dawa inapakwa, matongotongo yanapungua, yanarudi, inanunuliwa nyingine. Shida ni bomba lililoziba, na antibayotiki haizibui bomba.

Je, wajua lile doa jekundu la damu kwenye weupe wa jicho la mtoto aliyezaliwa jana? Ni mshipa mdogo uliopasuka kwa msukumo wa uchungu. Halitoi usaha, haliumi, halihitaji dawa, na hufifia kwa wiki 1 hadi 2.

Je, wajua kwamba wekundu ndio wa mwisho kuondoka? Wazazi wengi huangalia wekundu tu na kukata tamaa siku ya pili. Kupona kuna mpangilio wake. Kwanza usaha hupungua: uliokuwa ukifutwa kila nusu saa sasa unafutwa kila baada ya kunyonya. Kisha hubadilika rangi, kutoka manjano au kijani kuwa mweupe na mwepesi. Uvimbe wa kope hushuka, na mtoto huanza kufungua macho mwenyewe anapoamka bila kusubiri alowekwe kwa pamba. Halafu hubaki ukoko mdogo wa asubuhi. Wekundu hufuata nyuma ya hayo yote, siku kadhaa baadaye. Dalili ninayoipenda zaidi ni ya wakati wa kunyonya: kichanga huona vizuri kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, ambao ni umbali wa kutoka ziwani hadi usoni kwa mama. Jicho lililokuwa limefumba kwa maumivu linapotulia, utamwona anakutazama tena huku ananyonya.

Kwa maambukizi ya bakteria wa kawaida, dawa sahihi ikianza, nafuu huonekana ndani ya siku 1 hadi 2. Zikipita siku 2 kamili bila mabadiliko, rudi kituoni. Usibadilishe dawa mwenyewe. Na nafuu ikija siku ya pili, dawa haiachwi siku ya pili. Imalize kama ulivyoandikiwa.

Je, wajua kwamba namna ya kusafisha jicho inaweza kuharakisha kupona au kulihamishia jicho la pili ugonjwa? Maji yachemshwe, yaachwe yapoe mpaka yawe vuguvugu kidogo au ya baridi. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua pamba au kitambaa laini kisafi, lowesha, futa kutoka kona ya karibu na pua kwenda nje, mara moja tu, kisha tupa kipande hicho. Chukua kipande kingine. Jicho zima lianze, linaloumwa lifuate. Ukoko ulioganda usikwanguliwe. Weka pamba yenye maji juu yake dakika moja mbili mpaka ulainike. Nawa tena mikono. Ukitia marhamu juu ya usaha, dawa inakaa juu ya uchafu na jicho halipati kitu, kwa hiyo kusafisha ni nusu ya tiba.

Kupaka nako kuna ufundi wake. Mlaze mtoto chali, au mviringishe kwenye khanga mikono ikiwa ndani. Vuta kope ya chini taratibu mpaka kitokee kifuko kidogo, weka mstari mwembamba wa marhamu humo, mdomo wa tyubu usiguse jicho wala kope. Kama dawa ni ya matone na mtoto amefumba kabisa, usipigane naye: dondosha tone kwenye kona ya ndani, subiri, akifumbua, litaingia. Marhamu huacha mafuta meupe kwenye kope kwa muda, usiyadhanie usaha ukarudia kupaka. Tyubu ni ya mtoto mmoja. Iliyofunguliwa ikifikisha wiki 4 itupwe, hata kama imebaki nusu na hata kama jirani anaiomba.

Je, wajua kwamba pindo la khanga limebeba macho mekundu kutoka mtoto mmoja hadi mwingine katika nyumba nyingi? Mama anamfuta mdogo, anamfuta mkubwa makamasi, anajifuta jasho, anarudi kwa mdogo. Ni mkono wa upendo, na ndiyo maana ni vigumu kuuacha. Lakini siku ambazo mtoto anaumwa macho, khanga ikae begani na pamba ifanye kazi. Taulo yake, shuka lake na kitambaa chake vifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, vianikwe juani, visitumiwe na mwingine.

Je, wajua kwa nini katika nchi kadhaa za Afrika watu huuita ugonjwa wa macho mekundu "Apollo"? Katikati ya mwaka 1969 mlipuko mkubwa wa macho mekundu yenye kuvilia damu ulianza Accra, Ghana, wakati ule ule chombo cha Apollo 11 kilipokuwa kikienda mwezini. Watu waliunganisha mambo hayo mawili, na jina likabaki. Chanzo kilikuwa kirusi kilichokuja kuitwa enterovirusi 70. Sisi tuna kumbukumbu ya karibu zaidi: Januari 2024 Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza ongezeko kubwa la wagonjwa wa macho mekundu, Dar es Salaam ikiwa ya mbele, mapema mwaka huo pwani ya Kenya nayo ikaugua, na kufikia Machi Uganda ikatangaza ya kwake.

Macho mekundu ya virusi hayasikii antibayotiki. Kwa kawaida huzidi katika siku 3 hadi 5 za mwanzo, kisha hushuka, na yanaweza kuchukua wiki 1 hadi 2, wakati mwingine 3, mpaka kuisha. Mzazi asiyejua hilo hufika siku ya nne akiamini dawa imeshindwa. Na adenovirusi, anayesababisha sehemu kubwa ya macho mekundu haya, anaweza kudumu kwenye vitu vikavu kwa wiki kadhaa: kwenye kitasa, kwenye simu, kwenye mdoli. Msimu wa macho mekundu ukifika, wageni wanaokuja kumpongeza mzazi wanawe mikono kabla ya kumbeba mtoto. Anayeumwa macho asimbebe kabisa, hata kama ni bibi yake. Bibi ataelewa ukimweleza kwa heshima.

Je, wajua kuhusu maziwa ya mama jichoni? Ni desturi kongwe, na ina chembe ya ukweli: maziwa ya mwanzo yana kinga nyingi. Ila kinga hizo zinamfaa mtoto anapoyanyonya. Yakikamuliwa kwenye jicho lenye usaha hayawezi kumuua bakteria wa kisonono wala wa klamidia, na madhara yake makubwa ni muda: familia inakamulia siku 3 wakati kioo cha jicho kinaliwa. Endelea kumnyonyesha mtoto kama kawaida, hata mara nyingi zaidi.

Majani yaliyotwangwa, mkojo, maji ya sukari, mate, hayo ni hatari zaidi. Mwaka 1987 Allen Foster na Alfred Sommer walichapisha uchunguzi wao kuhusu vidonda vya kioo cha jicho kwa watoto wa Tanzania, na miongoni mwa vyanzo walivyovikuta, pamoja na surua, upungufu wa vitamini A na hepesi, zilikuwamo dawa za kienyeji za macho. Mitishamba ni hazina katika mambo mengi, lakini jicho la kichanga silo mahali pake.

Je, wajua kilichomo ndani ya wanja wa manga? Kuanzia Zanzibar na Mombasa hadi Oman, mtoto hupakwa wanja macho yawe makubwa na husuda imwepuke. Wanja wa asili mara nyingi husagwa kutokana na jiwe lenye madini ya risasi, na risasi huingia mwilini mtoto anapojisugua na kulamba vidole. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Huathiri ubongo wake unaokua. Kijiti cha wanja kinachopita jicho hadi jicho, ndugu hadi ndugu, nacho hubeba maambukizi. Dua ya bibi inatosha bila wanja.

Je, wajua kwamba baadhi ya dawa za matone zinazouzwa madukani zina steroidi ndani yake, kama deksamethasoni? Wekundu hukimbia haraka, na mzazi hufurahi. Lakini kama chanzo ni hepesi, steroidi humlisha adui, na zikitumika kwa muda zinaweza kupandisha presha ya jicho. Soma boksi, au mwombe muuzaji akusomee. Dawa hizo ni za kuandikiwa na mtaalamu wa macho.

Je, wajua kwamba macho mekundu yenye machozi, mafua, kikohozi na homa vinaweza kuwa mwanzo wa surua kabla vipele havijatoka? Surua na upungufu wa vitamini A vikikutana hupofusha. Mtoto mwenye surua hupewa vitamini A siku mbili mfululizo. Chanjo hutolewa kwa miezi 9 na tena kwa miezi 18, Tanzania na Kenya, na matone ya vitamini A huanza kwa miezi 6.

Je, wajua dalili ambazo hazifanani na macho mekundu ya kawaida? Jicho linalotoa machozi, linaloogopa mwanga, na kioo chake kikaonekana kikubwa au chenye ukungu: hiyo yaweza kuwa presha ya jicho ya kuzaliwa nayo. Mboni inayoonekana nyeupe kwenye picha ya simu: yaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho. Kope nyekundu iliyovimba pamoja na homa na mtoto kukataa kunyonya: maambukizi yamevuka jicho. Zote tatu ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba klamidia ya kichanga na ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, vinaletwa na bakteria wa jina moja? Makundi yake ya A hadi C huenezwa na vidole, nguo na nzi, na yakimrudia mtoto mara nyingi kope hujikunja ndani na kukwaruza jicho ukubwani. Makundi ya D hadi K ni ya zinaa, na ndiyo yanayompata kichanga. Wilaya ya Kongwa, Dodoma, imechunguzwa kwa miongo kadhaa kuhusu vikope, na huko ndiko umuhimu wa kuwaosha watoto nyuso ulikodhihirika. Oman, ambako jamaa zetu wengi wanaishi, ilikuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imeutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya jamii, mwaka 2012.

Je, wajua kwamba mtoto aliyeugua klamidia ya macho anaweza kuanza kukohoa wiki nyingi baada ya macho kupona? Nimonia yake hujitokeza kwa kawaida kati ya mwezi 1 na miezi 3, kikohozi cha mfululizo, kifupikifupi, mara nyingi bila homa, mtoto akihema haraka. Mhudumu anayemwona siku hiyo huenda si yule aliyemtibu macho. Mwambie: "Huyu aliumwa macho akiwa na siku 8, akapewa marhamu tu," kisha mwoneshe kadi.